Ubao wa matangazo umuulize msomaji mashine yake kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba vijana wa komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, wanapoteza muda kwa kuuongezea ubao wao wa matangazo wa kompyuta namna za kuonyesha maandishi zilizotumika miaka ya 1980. Mimi ni mmoja wa wanaouendesha ubao huo, na kazi hiyo tunaifanya kwa sababu ya kosa ambalo sisi wenyewe tulilitenda.

Ubao wetu unakaa ndani ya kompyuta moja kuukuu inayotumia betri umeme ukikatika, na wasomaji wanaufikia kwa waifai ya mtaa bila kununua mega. Mfumo wa aina hii ulianza Chicago mnamo Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess walipowasha ubao wao ulioitwa CBBS, ambapo mtu alipiga simu kwa modemu, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, akasoma ujumbe wa wenzake, akaacha na wake. Sisi tuliandika kurasa zetu zote kwa safu 80, yaani herufi 80 kwa upana, na mistari 25, kama skrini za kompyuta za IBM za mwaka 1981, wala hatukujiuliza kama kila msomaji ana upana huo.

Siku moja tuliweka ratiba ya chanjo ya watoto, jina la avenyu likiwa kushoto na saa ikiwa mwisho kabisa kulia. Kwenye skrini ya safu 40 kila mstari ulikatika vipande viwili, kimoja chini ya kingine, hata saa ya avenyu ya kwanza ikakaa juu ya jina la avenyu ya pili, na hivyo hivyo hadi chini. Mama mmoja alifika na mtoto mgongoni saa nane mchana, ilhali zamu yake ilikuwa imepita tangu saa tatu asubuhi. Yeye alisoma sawasawa kile alichoonyeshwa.

Kupunguza upana peke yake hakutoshi, kwa kuwa kila mashine ina alfabeti yake, yaani namba inayosimama badala ya kila herufi. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982, inatumia herufi ziitwazo PETSCII, ambamo namba za herufi kubwa na ndogo zimebadilishana nafasi, kwa hiyo ukiipelekea neno «Lubumbashi» bila kulitafsiri, inaandika «lUBUMBASHI». Atari, kompyuta nyingine za nyumbani za zama hizo, zinamaliza mstari kwa namba 155, wakati mashine nyingine nyingi zinatumia 13. Nayo herufi «é», ambayo hatuwezi kuikwepa kwa kuwa matangazo yetu yanachanganya Kiswahili na Kifaransa, siku hizi inatumwa kwa baiti mbili, yaani namba mbili badala ya moja, na programu ya zamani ya IBM inazionyesha kama alama mbili ngeni: «Réunion» inakuwa «R├⌐union». Kiswahili chenyewe, namshukuru Mungu, kinapita kila mahali, maana hakihitaji zaidi ya herufi za kawaida na kile kialama cha juu katika «ng'ombe».

Dawa yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Msomaji anapoingia, ubao unamwomba abonyeze kitufe cha kufuta, mara moja tu. Commodore inatuma namba 20, Atari inatuma 126, kompyuta za kawaida zinatuma 8 au 127. Kwa namba hiyo moja ubao unajua unazungumza na nani, unachagua jedwali la kutafsiri herufi, unaupanga ukurasa upya kwa safu 40 au 80, na msomaji hasumbuliwi tena.

Anayeona safu 40 ni umaskini akumbuke Minitel ya Ufaransa, huduma ya kusoma taarifa kwenye skrini kupitia laini ya simu, iliyofungwa tarehe 30 Juni 2012. Nchi nzima ilitafuta namba za simu katika skrini ya safu 40, na ukurasa wa herufi 960, kwa mwendo wa herufi 120 kwa sekunde, ulijaa kwa sekunde nane. Hata simu zetu za mkononi zinafaidika na ukurasa wa safu 40, kwa sababu skrini ndogo ikilazimishwa safu 80 herufi zinakuwa punje za ulezi, na wazee wanauacha ubao.

Sehemu ya Commodore tumeimaliza, kwa msaada wa fundi wa jirani ambaye bado ana mashine hiyo moja, ameiunga kwenye televisheni pamoja na kifaa kidogo cha waifai kinachofanya kazi ya modemu. Ya Atari tumeiandika, lakini hatujaijaribu kwenye mashine yenyewe. Aliye nayo nyumbani, hata kama imelala kabatini miaka mingi, tunamwomba atuazime kwa Jumamosi moja, na msomaji aliyetulaumu namkaribisha siku hiyo aje na simu yake aisome ratiba mpya ya chanjo.

Msomaji wenu wa Kamalondo, Lubumbashi