Shukrani kwa mvuvi wa Kayenze aliyenishonea buti

Jamani naomba nimshukuru hadharani baba mmoja mvuvi wa kule Kayenze, Mwanza, jina sikulipata. Tulikuwa tunatembea kwa mguu kandokando ya Ziwa Victoria kutokea Igombe, jua kali, soli ya buti langu ikabanduka ikabaki inaning'inia, na boda hakuna. Huyu baba alikuwa anashona nyavu zake, akaziweka pembeni, akanikalisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaosha soli mpaka mchanga wote ukatoka, akatoboa matundu kwa msumari alioupasha moto halafu akashona na uzi uleule wa nyavu, kila tundu anapitisha mara mbili anakaza kwa meno. Hela akakataa katakata. Akatuonyesha na njia ya juu, maana alisema kule chini kwenye matete viboko huwa wanatoka.

Kwenye njia ndefu za kutembea kwa mguu kama Appalachian Trail kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,500, kuna watu wanawaachia wapita njia maji na chakula na wala hawawajui. Na sisi wa Mwanza tukiona mtu na begi mgongoni tumpe hata maji ya kunywa. Wabeja sana baba, uzi wako haujakatika mpaka leo, anayemfahamu amfikishie salamu zangu.