Wifi, kile kiraba kumbe kilikuwa kinatoka

Wifi yangu,

Najua umenizuia kwenye simu. Kwenye kundi la ukoo huwezi kunitoa kwa kuwa si wewe uliyelifungua, ndiyo maana Jumanne nililiona swali lako: mtoto anakaribia miezi sita, anunuliwe kikombe gani cha kuanzia? Watu wakakumwagia picha. Cha masikio mawili, cha mrija, cha mdomo wa bata, na kile kinachonywewa pande zote. Mimi nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikaenda kuosha vyombo.

Nakujibu huku basi, mbele za watu, kama ulivyopenda wewe mambo yawe.

Kwanza hongera. Sikukupa siku ile ulipojifungua, na hilo ni kosa langu. Mama alinionyesha picha. Ana paji la uso la marehemu baba, lilelile, na ile mikunjo kama anadai hela yake. Nililia kidogo, sikumwambia mtu.

Sasa kikombe. Cha mdomo wa bata, chenye kiraba ndani cha kuzuia maji, kiache dukani. Wanakisifu kwamba hata ukikigeuza juu chini hakidondoshi tone, na ni kweli, kochi linabaki safi. Lakini mtoto ili apate kitu inabidi avute kwa nguvu kama ananyonya chuchu ya chupa. Sasa hapo umemfundisha nini? Umemtoa kwenye chupa ukamrudisha kwenye chupa yenye mfuniko wa rangi. Uji wa lishe ndiyo kabisa, hata ukiwa mwepesi unaziba. Nimewaona watu wakichukua wembe wakakitoboa kile kiraba. Kikombe kikaanza kumwaga, na kusafishika bado hakisafishiki.

Chukua kikombe cha kawaida, kidogo kama kile cha kahawa, chepesi, hata cha chuma kisichoshika kutu. Mkalishe wima mapajani, tia maji ya vidole viwili, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, kisha subiri. Usimmiminie. Atatoa ulimi, atalamba, atajimwagia mpaka kitovuni. Mfunge bibu, uvumilie. Manesi wa kliniki walikuwa wakituimbia "kikombe na kijiko, mama, kikombe na kijiko," tukadhani ni kwa kuwa wametuona maskini. Kumbe hata watoto njiti walioshindwa kunyonya, Shirika la Afya Duniani linashauri walishwe kwa kikombe, maana kikombe kilicho wazi hakina pembe ya uchafu kujificha.

Wa safari za daladala nunua cha mrija, ila uhakikishe kina brashi yake nyembamba. Na ukigeuze chini kabla ya kulipa. Kuna pembetatu yenye namba. Namba 5 chukua. Namba 7 rudisha, maana humo ndimo inapoweza kuwemo ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, yenye kemikali ya BPA ambayo Marekani waliiondoa kwenye chupa na vikombe vya watoto mwaka 2012. Mwenye duka akikununia mwache anune.

Kile cha mdomo wa bata ulichonipa wewe kilikuwa namba 5. Nakipa haki yake. Kilikuwa kizuri, cha zambarau, kina tembo.

Ubatizo ule wa mtoto wangu, sina haja ya kukuambia tulikaa chini ya mgomba gani. Mtoto alikuwa amekohoa mara mbili tu, tena moshi wa nyama ulikuwa unatujia sisi. Ukakiokota kikombe mkekani, ukafungua mfuniko, ukachomoa pini kichwani mwako, ukaanza kuchokonoa. Mimi nikawa nasema moyoni, huyu anafanya nini, si atakiharibu? Miezi minne nilikuwa nakitumia, sikujua kama kile kiraba kinatoka. Kikatoka. Upande wa chini kilikuwa na utando wa maziwa uliogeuka njano, na juu ya utando vidoa vyeusi, saba au nane, vidogo kama alama za kalamu. Ukakiweka juu ya mfuniko ukakipitisha kwa mashangazi, mkono kwa mkono, kama kapu la sadaka siku ya mavuno. "Jamani, hiki ndicho anachonywea mtoto wa kaka yangu."

Hapo ungeishia, tungekuwa tunaongea mpaka leo. Aibu ya ukungu ningeimeza, ulikuwepo na niliuona. Lakini shangazi mmoja alipojaribu kunitetea, kwamba mama mchanga anajifunza, wewe ukacheka. Ukasema nimetoka Maji ya Chai, kule chini ya Mlima Meru, mwangalieni meno yake, usafi angeujulia wapi.

Zitazame picha za siku ile, Wifi. Kuanzia kanisani nacheka. Kuanzia kwenye keki nimefunga mdomo, picha zote, hata ile ambayo mtoto ananivuta sikio.

Haya ngoja nikueleze meno yangu, kwa kuwa sasa yanakuhusu. Hayana uchafu. Nimeyasugua kwa mkaa, kwa magadi, kwa chumvi na limau mpaka fizi zikatoa damu, nikiwa darasa la sita. Rangi hii ya kahawia haikupakwa juu, iliingia jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya fizi, kwa madini ya floraidi. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye mawe yake huku chini yanayabeba. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna visima na vijito vinavyozidi hapo mara kadhaa. Wazazi wangu walinichemshia maji kila siku ya Mungu. Walikuwa wasafi kuliko wote mliokaa chini ya ule mgomba. Ila kuchemsha kunaua vijidudu, hakutoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, madini yanabaki sufuriani.

Nawe sasa unahamia Usa River. Kutoka hapo mpaka kwetu Maji ya Chai ni pua na mdomo.

Nikaona hapana. Nikinyamaza hili nitakuwa mtu wa namna gani?

Kwa hiyo sikia. Maziwa yako hayana shida, hata wewe ukinywa maji hayo, floraidi inayopita kwenda kwa mtoto ni kidogo sana. Hesabu inaanza siku unapompa kikombe. Kikombe ndicho kinachomwonjesha maji ya mahali kwa mara ya kwanza, na meno yake ya ukubwa, yale ya mbele, ndiyo kwanza yanajengwa katika miaka hii. Ukifika, kabla hujapanga makochi, uliza maji ya bombani yanatoka chanzo gani na kama yamepimwa. Kinga maji ya mvua, kwa bati safi na tangi lenye mfuniko. Maji ya mvua hayajapita kwenye mawe, hayana balaa hilo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha kuondoa floraidi, wanatumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa kama mkaa. Najua utakunja pua. Mifupa ndiyo inayoyashika yale madini, na maji hayanuki. Na maharage ya mtoto usitie magadi, hata Mama akikuambia yanaiva haraka. Magadi nayo yamejaa floraidi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimeshaandika mengi, acha nimalizie.

Kikombe kile kilikuwa kinanuka. Wiki mbili kabla ya ubatizo nilikisikia. Harufu ya mtindi, lakini si mtindi mzuri. Nikamlaumu dada wa kazi, nikakiloweka kwenye maji ya moto na limau, nikakinusa, nikajiambia imeisha. Haikuwa imeisha. Nilikuwa nimerudi kazini, natoka Ngaramtoni alfajiri, narudi usiku, mtoto anaamka mara tatu. Karatasi ya maelezo iliyokuja na kikombe ilikuwa na lugha sita na hakuna hata moja ninayoisoma vizuri. Ungeweza kuniambia siku uliyonipa. "Wifi, hiki kiraba kinatoka, kichomoe kila ukiosha." Maneno machache tu. Ulijua, ndiyo maana pini ilikwenda moja kwa moja.

Au hukujua, na ulikuwa unachokonoa tu? Hilo sijawahi kukuuliza.

Baada ya pale Mama alikuja, hakusema neno. Akamchukua mjukuu, akachota maji kwenye kile kikombe chake cha bati chenye ua jekundu, akamnywesha palepale. Mtoto akanywa kama amezaliwa nacho. Wewe ulikuwa umeshaenda kuangalia nyama, hukuona.

Nimepita sokoni Kilombero jana nikanunua kikombe, kidogo, cha chuma, hakina mfuniko wala kiraba. Sijui kwa nini nimenunua. Kipo juu ya kabati, bado kina karatasi ya bei. Ukishahamia njoo ukichukue, uje na mtoto, ila usije Jumapili wala siku nyingine yenye wageni.