Pimeni gesi kabla ya kuchuja mafuta ya transfoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye viwanda vya minofu, mitambo ya barafu, hospitali na pampu za maji hapa Mwanza, wote wanaomiliki transfoma zao wenyewe. Tafadhali msimruhusu fundi yeyote achuje mafuta ya transfoma yenu kabla sampuli ya mafuta hayo haijapelekwa kupimwa gesi zilizoyeyuka ndani yake.

Nimefanya kazi ya umeme mkubwa Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu, na kosa hili nimeliona likirudiwa na watu wenye nia njema kabisa. Transfoma inaanza kuunguruma vibaya, au geji ya joto imepanda kuliko ilivyozoeleka, basi wanaitwa watu wa kuchuja. Mashine inaunganishwa, mafuta yanapashwa moto na kuvutwa hewa, maji yanatoka, uchafu unatoka. Kisha kinakuja kipimo cha kilovoti: mafuta kwenye kikombe, vichwa viwili vya metali vimeachana milimita 2.5, umeme unapandishwa taratibu hadi cheche iruke. Ikivuka kilovoti 30 kwa nafasi nzuri, cheti kinaandikwa na watu wanapeana mikono. Tatizo ni kwamba mashine iliyotoa maji imetoa na gesi zote zilizokuwa zimeyeyuka katika mafuta yale, na gesi hizo ndizo zilizokuwa ushahidi wa kinachotokea ndani ya tangi.

Ndani ya transfoma koili zimezungushiwa karatasi, na karatasi imelowa mafuta. Hiyo ndiyo insulesheni yake, yaani kinga ya kuzuia umeme usiruke. Mahali inapodhoofika panapata joto au cheche ndogondogo, na mafuta yanaanza kuvunjika yakitoa gesi. Kila aina ya kosa ina gesi zake. Cheche hafifu hutoa zaidi haidrojeni. Mafuta yakipashwa moto kupita nyuzi 300 hivi, ethilini inaongezeka. Asetilini kwa wingi inahitaji joto la nyuzi 700 na zaidi, yaani kuna mahali umeme unaruka au chuma kinaiva. Kaboni monoksaidi na kaboni dayoksaidi zikipanda kwa kasi, jueni karatasi yenyewe inaungua. Mtaalamu wa Kanada, Michel Duval, alitengeneza tangu miaka ya 1970 pembetatu inayosoma uwiano wa methani, ethilini na asetilini na kuonyesha kosa ni la aina gani. Haya yote yanajulikana transfoma ikiwa kazini, hakuna aliyezimiwa umeme hata dakika moja.

Kipimo cha kilovoti kina kazi yake: kinakamata maji na uchafu. Ila hakimwambii mtu kwamba kuna nati iliyolegea inayochemka ndani. Kiwanda kimoja kando ya ziwa kilichuja mafuta, kikapata cheti safi, na miezi michache baadaye transfoma ikafa usiku sangara wakiwa wamejaa kwenye vyumba vya baridi. Tulipoifungua, maungio ya upande wa tepu chenja (swichi ya kurekebisha volti) yalikuwa yameliwa na moto, na karatasi ya jirani ilikuwa nyeusi, ukiigusa inavunjika vidoleni. Kosa lile halikuanza wiki ile. Hakuna sampuli iliyochukuliwa kabla ya kuchuja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema lilianza lini.

Mafuta husafishwa na hata kubadilishwa, lakini karatasi iliyoungua hairudi. Kila joto lake linapozidi kwa nyuzi 6 hivi, umri wake unapungua karibu nusu, na maji yakiingia inazeeka haraka zaidi. Sisi tunaoishi na unyevu wa ziwa, pamoja na radi ambazo ni miongoni mwa nyingi zaidi duniani, tusijidanganye hapo. Nendeni leo mkaangalie kile kichupa cha silika jeli (punje zinazofyonza unyevu) ambacho transfoma hupumulia. Punje zilizokuwa za buluu zikishakuwa pinki zote, hewa inaingia na maji yake.

Kuna watakaosema relei ya Buchholz, kile kifaa cha kunasa gesi juu ya tangi, ipo, itapiga kengele. Ni chombo kizuri, kimeokoa transfoma nyingi tangu Mjerumani Max Buchholz alipokibuni mwaka 1921. Lakini hukusanya gesi zilizokwisha kuwa mapovu, si zile ambazo bado zimeyeyuka kwenye mafuta, na transfoma nyingi za nguzoni hazina kabisa.

Sampuli ichukuliwe na mtu aliyefundishwa, siku isiyo na mvua. Ahakikishe kwanza tangi halivuti hewa kwa ndani, maana vali ikifunguliwa katika hali hiyo povu linaweza kunyonywa hadi kwenye koili. Aifute vali ya chini, amwage mafuta yaliyolala kwenye bomba, ndipo ajaze sirinji ya kioo polepole pasiwe na povu. Sirinji ifunikwe isipigwe na jua, na iandikwe namba ya transfoma, tarehe, joto la mafuta na mzigo wa umeme uliokuwepo. Nimeona sampuli zikipelekwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Haidrojeni imeshatoroka kabla gari halijafika Usagara, hapo nje ya mji.

Majibu yakija, yatunzeni. Asetilini ya sehemu 5 kwa milioni leo na 5 tena mwakani si sawa na 5 leo na 25 mwezi ujao. Transfoma yenye majibu hayo ya pili inatakiwa kuzimwa. Kwenye transfoma kubwa mtaalamu aulize pia kama mafuta ya tepu chenja yanavuja kuingia tangi kuu, kwa sababu hayo huleta asetilini bila koili kuwa na kosa lolote.

Ombi langu kwa wanaosimamia zabuni za matengenezo: andikeni kwenye mkataba kwamba hakuna malipo ya kuchuja bila ripoti ya gesi ya kabla na ya baada. Na chuo cha ufundi cha VETA cha hapa Mwanza kiwafundishe vijana wa umeme kuchukua sampuli hii kwa mikono yao wenyewe. Nipo tayari kuja kuwaonyesha bila malipo.

Fundi umeme,
Nyakato, Mwanza