Habari zitaje namba ya shauri na tarehe ya kikao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kuhusu namna tunavyoletewa habari za siasa na utamaduni, wakati huu ambapo wengi wetu tunaweza kuusoma waraka wenyewe kwenye simu.

Hapa Arusha mjadala wa mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama chochote, haupoi, na mara nyingi huendeshwa kwa vipande vifupi vya video vinavyorushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Ilhali Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako papa hapa mjini, ilikwisha kutoa hukumu tarehe 14 Juni 2013 katika mashauri namba 009/2011 na 011/2011 yaliyounganishwa, moja likiwa la Mchungaji Christopher Mtikila. Hukumu hiyo inapatikana bure mtandaoni. Anayeisoma ataona jinsi majaji walivyoamua kwamba haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake ilikiukwa kwa kuwazuia wagombea binafsi, na ataona vilevile hoja za Serikali kuhusu muundo wa Muungano na historia ya nchi, ambazo katika vipande hivyo sijazisikia zikitajwa. Kikwazo ni lugha, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Gazeti lako lingetufaa sana kwa kututafsiria walau aya zake kuu.

Kwa habari za Bunge kisingizio hicho hakipo. Taarifa Rasmi za majadiliano huandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa kwenye tovuti ya Bunge, makofi na vicheko vikiwa ndani ya mabano, na kwangu zinasisimua kuliko tamthilia nyingi, ingawa ni ndefu mno. Mwandishi akitaja tarehe na kikao, msomaji atajitafutia mwenyewe mbunge alisema nini kabla na baada ya sentensi iliyonukuliwa.

Ukurasa wa burudani nao umezama katika ugomvi wa wasanii. Ungeweza kuwaelekeza vijana kwenye kazi za X Plastaz, kundi la Arusha lililochanganya hip-hop na uimbaji wa Kimaasai, ambazo bado zinatazamika mtandaoni.

Ninachoomba hakihitaji zaidi ya mstari mmoja chini ya kila habari: namba ya shauri, tarehe ya kikao, au jina kamili la kazi na mwaka wake.

Msomaji wako,
Sakina, Arusha