Mmeshakata, pelekeni: pensheni za watumishi wa kanisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nilisemee hili la pensheni za watumishi wa kanisa, maana huku Moshi na Arusha tunalizungumza sana misibani na kwenye foleni za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini kwenye vikao vinavyoamua halifiki. Mimi ni muuguzi mstaafu, maisha yangu yote ya kazi yameishia hospitali ya kanisa, jina lake sitalitaja kwa sababu shida hii ni ya taasisi nyingi.

Shida yenyewe iko hivi. Mwisho wa mwezi unapewa salari slipi imeandikwa umekatwa asilimia 10 ya NSSF, na mwajiri naye anatakiwa aweke asilimia 10 yake, inakuwa 20. Siku unaenda kuchukua taarifa yako unakuta miezi imerukwa. Yangu ilikuwa hivyo, mwaka mmoja umekaa vizuri, unaofuata una miezi ya kuhesabu, halafu kimya kirefu, wakati slipi zangu zote ninazo kwenye bahasha ya kaki na kila moja inaonyesha nimekatwa. Yule dada wa dirishani alizipitia moja moja akaniambia mama, hapa mwajiri wako hajaleta, mrudie. Nimrudie nani sasa? Mhasibu wa wakati ule alishahama, katibu amebadilika, na aliyepo anasema hilo deni alilikuta.

Wasiofanya kazi kwenye taasisi hizi wanaweza kuona ni vihela vidogo kwa hiyo tupige hesabu. Mtumishi wa mshahara wa laki 6 anakatwa 60,000, mwajiri anaongeza 60,000, kwa mwaka ni 1,440,000. Ikae miaka mitatu haijapelekwa, halafu zidisha kwa wauguzi, walimu wa sekondari, madereva, wapishi na walinzi wa getini. Na hapo hatujagusa jambo baya zaidi, maana ili ulipwe pensheni ya kila mwezi lazima uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mtu kafanya kazi miaka 18 lakini iliyofika mfuko ni miezi 160, huyo hapati pensheni ya kila mwezi, anapewa mkupuo anarudi nyumbani, ukishalipa ada ya mjukuu na dawa za presha umeisha. Nchi nzima imebishana tangu 2018 kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu, ikaja asilimia 33 ya kulipwa kwa mkupuo Julai 2022, ikaja nyongeza ya bajeti ya 2024, na mimi nilifurahi kwa ajili ya wenzangu kabisa, lakini kwetu hicho kikokotoo kitakokotoa nini kama michango haikufika?

Kinachouma zaidi ni pale hospitali ya kanisa inapokuwa teule ya wilaya, yaani serikali inaitumia kama hospitali ya wilaya. Wodini mko wawili, zamu ya usiku ile ile, mwenzako analipwa na serikali yuko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, yeye anakatwa asilimia 5 na serikali inamwekea 15. Wewe uliyeajiriwa na kanisa umekatwa 10 na hujui iliko.

Najua hali ni ngumu, sijaja kulitukana kanisa langu. Wafadhili wa nje wamepungua, malipo ya bima yanachelewa, na tangu 2016 ada ilipofutwa sekondari za serikali shule nyingi za kanisa zimehangaika kupata wanafunzi. Nakubali yote. Ila asilimia 10 yangu haikuwa hela ya hospitali, ni mshahara wangu niliokwisha kuufanyia kazi. Mwajiri akishindwa kuweka ya kwake aje aseme ameshindwa tukae tuzungumze, lakini ya kwangu aliyoikata aliipeleka wapi?

Tusidhani ni umaskini wetu tu. Marekani kuna hospitali ya Kikatoliki iliitwa St. Clare's, mjini Schenectady jimbo la New York, ilifungwa 2008, na miaka kumi baadaye wastaafu zaidi ya 1,100 wakaambiwa mfuko wao wa pensheni hauna hela ya kutosha, wengi wakabaki bila kitu kabisa. Kule sheria ya pensheni ya 1974 imeziruhusu taasisi za kanisa kukaa nje ya masharti yake, na mfuko ulio nje hauna bima ya serikali ya kuukingia, kwa hiyo ukikauka umekauka. Kwetu afadhali, sheria ya NSSF haijamsamehe mwajiri kwa sababu ni kanisa. Sheria tunayo, anayeisukuma ndiye hayupo, na mtumishi akiuliza anaambiwa huu ni utumishi, mshahara wako uko mbinguni.

Wainjilisti na makatekista ndio kabisa, wengi wanapewa posho tu, hakuna mkataba wala mchango. Mzee amezika watu na kubatizisha watoto wa mtaa mzima, akizeeka anategemea akina mama wamchangie unga.

Sasa angalieni Jumapili. Matangazo yanasomwa mpaka shilingi ya mwisho, sadaka ya ibada ya kwanza kiasi hiki, ya pili kiasi hiki, ahadi, jengo. Tukitoka nje ni mnada, mkungu wa ndizi, kuku, kahawa, na mhazini anaandika kila kitu, hata aliyechukua jogoo kwa mkopo jina lake linasomwa wiki inayofuata. Kanisa linalojua kusoma deni la jogoo linaweza kusoma na deni la michango ya watumishi. Lisomwe kwenye mkutano mkuu, kila taasisi na kiasi chake, wajumbe walisikie wakiwa wamekaa pale pale.

Na nyie vijana mliopo kazini msisubiri miaka 60, nendeni mkachukue taarifa zenu mwezi huu, mkiona pengo andikeni barua mkiwa wengi mpeleke na nakala mfuko, mkiwa na slipi zenu. Wakaguzi wa mfuko nao waje kwenye hizi taasisi kama wanavyokwenda viwandani, wasione aibu kwa sababu ya msalaba uliopo getini.

Kwa sisi tuliokwisha kutoka tunaomba ratiba ya malipo iliyoandikwa, ibandikwe ubao wa matangazo, kuanzia na waliobakiza miezi michache kufika 180, kwa sababu hao wakipelekewa ya nyuma wataanza kulipwa kila mwezi.

Muuguzi mstaafu,
Moshi