Kitabu cha picha kisisomwe maneno tu

Mhariri,

Katika madarasa ya chekechea hapa Lamu, kitabu cha picha mara nyingi husomwa kama ngano: mwalimu hukishika kifuani, akasoma maneno, akawapitishia watoto picha haraka, kisha akafunua ukurasa. Nusu ya hadithi hupotea hapo.

Kwenye paukwa-pakawa, msimulizi ndiye ajuaye yote. Kitabu cha picha kimemvua cheo hicho. Rosie's Walk cha Pat Hutchins (1968) kina maneno 32 tu ya Kiingereza: kuku anatembea shambani, anarudi kwa wakati wa chakula. Mbweha anayemnyemelea hatajwi hata mara moja. Yumo kwenye picha tu. Mtoto asiyejua herufi humwona kabla ya mwalimu.

Basi wasomewe watoto wanane hadi kumi, wameketi nusu duara mkekani, kitabu kikiwa usawa wa macho yao. Mara ya kwanza mwalimu afunue kurasa bila kusoma, awaache waseme wanachokiona. Mara ya pili asome, na atulie kidogo kabla ya kila kufunua.

Picha ndiyo pia hugawa kazi za wake na waume. Tukiandika "nahodha akashika usukani", Kiswahili hakijasema ni mwanamume au mwanamke. Mchoraji ndiye huamua, na asipoelekezwa huchora mwanamume mwenye kikoi, mama akabaki jikoni. Mwanasosholojia Lenore Weitzman na wenzake walichapisha hesabu yao mwaka 1972 kuhusu vitabu vilivyoshinda, au vilivyokaribia kushinda, Caldecott, tuzo ya vitabu vya picha ya Marekani: picha 261 za wanaume, 23 za wanawake.

Kwa hiyo waandishi wa pwani wampe mchoraji maelezo ya kila ukurasa: nani ameshika usukani, nani anakoroga chungu, nani amembeba mtoto. Lakini yasiingie kwenye maneno. "Ingawa ni msichana, aliweza kutweka tanga" ni sentensi ya kufutwa, kwa sababu inamfunza mtoto kwamba hilo ni ajabu. Achorwe anatweka, hadithi iendelee na dhoruba yake.

Na tafadhali, kopi za rangi nyeusi na nyeupe zipunguzwe. Mnyama aliyejificha majanini hutambulika kwa rangi yake. Kwenye kopi huwa doa tu, na kilichochorwa katikati humezwa na mkunjo. Heri nakala moja halisi kwa darasa zima kuliko kopi thelathini.

Walimu wa chekechea,
Langoni, Lamu