Kabla ya kuuliza bei ya boti, uliza maji yanapwa saa ngapi

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia likizo ya Desemba, familia, vikundi vya vikoba na wafanyakazi kutoka Mwanza, Geita na Ukerewe hupanga safari ya Unguja au Mafia, na siku moja huwekwa kwa ajili ya boti: kwenda kwenye matumbawe, kuvaa miwani ya kuzamia na mrija, kutazama samaki. Ni matembezi mazuri na hatuna nia ya kumkatisha mtu tamaa. Lakini sisi tunaoendesha boti huku ziwani na kusindikiza vikundi pwani tunaona watu wetu wakichagua boti kwa vigezo viwili tu: bei, na saa ya kuondoka isiyowavurugia kifungua kinywa. Kinachoamua kama utaona samaki au utaona tope hakiulizwi kabisa, nacho ni maji.

Sababu yake inaeleweka. Ziwa Victoria halijai wala halipwi kwa namna ambayo jicho linaweza kuiona. Anayekaa Kirumba au Igombe anajua upepo: asubuhi ziwa limetulia, mchana upepo wa kutoka ziwani unapanda, usiku radi. Akishausoma upepo ameshaipanga safari. Baharini upepo ni nusu tu ya habari.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa Unguja huzidi mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha hujaa kuelekea saa 10 au 11 jioni. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, yaani hupanda na kushuka kidogo, na kujaa kwake huangukia asubuhi hiyo hiyo ambayo wakati wa bamvua pangekuwa pakavu. Anayeweza kutazama mwezi usiku anaweza kukisia saa ya boti kabla hajampigia mtu simu.

Sasa chukua kikundi kilichofika Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi ukiwa mpevu, kikaambiwa boti inaondoka saa 3 asubuhi. Wanaondoka maji yakishuka. Wakifika kwenye matumbawe ya ndani ya mwamba, yaani kati ya ufuko na ule mwamba unaozuia mawimbi ya bahari kuu, maji ni ya magoti. Anayeogelea anakwaruza tumbo, anayeogopa anasimama, na akisimama anakanyaga tumbawe lililochukua miaka mingi kukua, au anakanyaga wale wanyama wa miiba mirefu myeusi na miiba inakatikia unyayoni. Boti nayo inapwelewa, abiria wanashuka na kutembea juani wakipishana na akina mama wanaolima mwani. Halafu watu wanarudi Mwanza wakisema Zanzibar hakuna kitu. Kikundi hicho hicho kingeondoka saa 7 mchana, maji yakiingia, kingekuta mita 2 za maji juu ya matumbawe yale yale.

Maji yanayoingia yana faida nyingine: yanatoka bahari kuu, kwa hiyo ni maangavu. Yanayotoka hubeba mchanga na tope la mikoko. Tofauti hii inaonekana wazi zaidi Mafia, ndani ya Ghuba ya Chole, ambako mikoko iko karibu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ina matumbawe ya kumtosha yeyote, lakini ukiingia majini saa isiyo yake utatazama ukungu. (Wanaokwenda kumwona papa shilingi wajue hiyo ni safari nyingine, upande wa Kilindoni, na msimu wake ni kuanzia Oktoba hadi Februari hivi.)

Na kuna hatari ambayo mtu wa ziwani haifikirii. Maji yote yaliyo ndani ya mwamba hutoka kupitia milango michache, yaani mapengo ya mwamba huo. Katika saa ya kwanza ya kupwa maji hushuka kidogo, ya pili zaidi kidogo. Saa ya tatu na ya nne ndizo hushusha nusu nzima ya maji yote. Saa hizo mlangoni pana mkondo ambao hata mtu aliyevaa mapezi ya kuogelea miguuni hawezi kushindana nao, na kama upepo unavuma kuelekea ndani, mkondo na upepo hukutana na kuinua mawimbi mafupi yaliyosimama. Anayechukuliwa asijaribu kuogelea kurudi alikotoka. Aelee, aogelee kwa kuukata mkondo ubavuni, anyooshe mkono juu, boti imfuate. Kwa hiyo muulize nahodha mapema: tutaogelea umbali gani kutoka mlangoni, na boti itakuwa upande gani wetu? Jibu zuri ni kwamba boti itakaa upande maji yanakoelekea, injini ikiwa imezimwa au haijatiwa gia, mtu mmoja akiwa hana kazi nyingine ila kutazama vichwa. Nahodha anayesema "hapa hakuna shida, mimi mwenyeji" hajajibu swali.

Idadi ya watu ni jambo ambalo sisi wa Mwanza hatuna haki ya kulichukulia kwa wepesi. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa pekee walizidi 220. Boti ya matembezi haina ukubwa huo, ila hesabu ni ile ile. Tunapendekeza mwongozaji mmoja ndani ya maji kwa watu 6 wanaojua kuogelea, na kwa wasiojua wasizidi 3 au 4. Boti hukodishwa nzima, kwa hiyo ukipunguza watu kutoka 14 hadi 6 kila mmoja atalipa zaidi ya mara mbili. Lipeni. Watu 14 wenye mwongozaji mmoja ni watu 8 wasio na mwongozaji. Wahesabiwe kwa sauti mara tatu, wakipanda, kabla ya kuingia majini na baada ya kutoka, na kila mtu awe na mwenzake wa kumjulia alipo.

Majaketi okozi yawepo kwa kila kichwa na yavaliwe safari nzima. Ila jaketi la kawaida la povu lina tabia moja: limetengenezwa kumlaza mtu chali ili uso ubaki juu. Anayetaka kutazama chini analipigania, linampanda shingoni, anachoka, anamwomba mwongozaji amvulie. Hapo ndipo asiyejua kuogelea hubaki majini bila kitu. Dawa yake ni boya la duara lenye kamba, mwongozaji analivuta mbele, wasiojua wanalishika kwa mkono mmoja na kutazama chini huku jaketi likiwa limelegezwa kidogo lakini limefungwa. Uliza kama boti inalo hilo boya, na kama ina ngazi. Boti isiyo na ngazi itakupandisha kwa kukuvuta mikono, na mtu mzima mwenye uzito wake aliyekwisha kuchoka hapandi hivyo.

Kuhusu vifaa, tatizo kubwa ni miwani inayovuja, na wengi hudhani imechakaa. Ijaribu ukiwa nchi kavu: iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikibaki imeganda, inakufaa. Ikidondoka, omba nyingine, kwa sababu kuukaza mkanda hakutasaidia, kutaikunja mipira na kuivujisha zaidi. Sharubu huvujisha, na hivyo hivyo nywele au rasta zilizonaswa chini ya mpira na mafuta ya usoni. Kioo kipya kina utando wa kiwandani unaoleta ukungu. Kisugue kwa dawa ya meno ya kawaida, suuza, rudia. Kioo cha zamani temea mate, sugua, suuza kidogo tu. Mrija ukiingia maji, usiutoe mdomoni kwa hofu: puliza pumzi moja kali na maji yatatoka juu. Hivyo hakikisha kila mara umebakiza pumzi ya kupuliza. Wale wanaouliza kwa nini mrija haufanywi mrefu ili mtu aende chini zaidi, wajue kwamba kifua hakina nguvu ya kuvuta hewa kikiwa kimebanwa na maji hata ya mita 1, na mrija mrefu hukurudishia hewa uliyokwisha kuitoa. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayotufanya tusipendekeze ile miwani inayofunika uso mzima kwa wazee na wenye presha.

Wapo vijana wanaohema haraka haraka mara nyingi kabla ya kupiga mbizi ili wakae chini muda mrefu. Wakatazwe. Kuhema hivyo hakuongezi hewa ya maana mwilini, kunaondoa tu ile dalili inayokuambia urudi juu, na mtu anazimia akiwa ndani ya maji bila kujitapatapa.

Mengine ni madogo. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua, kwani baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe, na mgongo wa mtu anayetazama chini kwa saa nzima huungua hata uwe mweusi tii. Kiti cha pweza asiinuliwe juu ya maji kwa ajili ya picha. Samaki wasilishwe mkate. Nanga itupwe mchangani, au boti ifungwe kwenye boya lililowekwa. Chupa ya chai yenye maji moto ni kifaa cha huduma ya kwanza: aliyechomwa na samaki mwenye sumu aloweke mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, wakati anapelekwa hospitali. Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, ni kisiwa cha hoteli binafsi, hamtashuka ufukweni, na boti kutoka Matemwe hufika mapema kuliko ya Nungwi. Msimu wa wageni hapo pana msongamano wa boti hadi hofu kubwa ni propela za majirani kuliko kitu chochote cha baharini.

Tunaulizwa sana: mbona msituwekee matembezi haya hapa hapa Mwanza, kuzunguka kisiwa cha Saanane au mawe ya Bismarck? Hatuwezi, na anayewauzia asiaminiwe. Maji ya Ghuba ya Mwanza ni ya kijani kwa mwani na tope, mara nyingi ukinyoosha mkono huoni vidole vizuri. Samaki wadogo aina ya furu wapo, hutawaona. Nyavu za makila na timba zimetegwa na nazo hutaziona. Mamba na viboko hatuna haja ya kuwaeleza watu wa hapa. Na kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wa kichocho, ambaye vimelea vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zile zile za matembezi, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Anayedhani amekwisha kuingia maji ya namna hiyo asiharakishe kumeza dawa kesho yake: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo aende kupimwa na kutibiwa wiki 6 hadi 8 baadaye. Saanane pandeni mawe, tazameni wanyama, mrudi mkiwa wakavu. Anayetaka kutazama samaki katika maji baridi aende Kigoma, ambako Ziwa Tanganyika ni angavu na samaki wake wa rangi wanaonekana wazi kati ya mawe, akiuliza wenyeji kwanza habari za mamba.

Kwa mazoezi, tumieni bwawa la kuogelea la hoteli mojawapo mjini. Saa mbili zinatosha kumfundisha mtu kupumua kwa mdomo bila hofu, kumwaga maji ya miwani na kupuliza mrija. Akifika pwani atakuta maji ya chumvi yanamwelesha vizuri kidogo kuliko bwawa, na hilo humpa moyo. Tena kuogelea kwa mrija hakumzuii mtu kupanda ndege ya kurudi Mwanza jioni ile ile. Anayezamia kwa mtungi wa hewa ndiye anayetakiwa kusubiri hadi siku inayofuata.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako huchapa utabiri wa hali ya hewa wa miji. Kuanzia katikati ya Desemba hadi shule zifunguliwe, ongeza chini yake saa za maji kujaa na kupwa kwa Unguja na Mafia, pamoja na vimo vyake kwa mita. Ratiba hizo hutayarishwa kwa mwaka mzima kwa ajili ya vyombo vinavyoingia bandarini, na mistari minne kwa siku inatosha.

Waendesha boti za matembezi,
Igombe, Mwanza